Mchuzi wa nyama ya ng'ombe kwenye chungu cha umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya aliyenunua chungu cha umeme, au aliyeletewa zawadi na ndugu wa ughaibuni, akakipikia mara moja, mchuzi ukatoka mwepesi usio na ladha, kikarudishwa kwenye boksi lake juu ya kabati. Nazungumzia kile chenye chombo kizito cha udongo wa kuchoma ndani, kifuniko cha kioo, na swichi yenye LOW, HIGH na WARM. Madukani ukitaja slow cooker watakuelewa.

Kabla ya maswali, shika jambo moja: chungu hiki kinalainisha, hakikaangi. Kitunguu, nyanya na bizari ni kazi ya mpishi, na karibu malalamiko yote ninayoyasikia yanatoka hapo.

Ninunue nyama ya sehemu gani?

Shingo, bega, kifua, muundi au mkia. Hizo ndizo sehemu ambazo ng'ombe anazitumikisha kutwa akitembea na kuinamia majani, kwa hiyo zimejaa kolajeni, ile tishu nyeupe inayofanya nyama iwe ngumu kutafuna. Kolajeni ikikaa kwenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea kwa saa kadhaa, inayeyuka na kuwa jelatini. Jelatini ndiyo inayoupa mchuzi uzito na kuufanya unate midomoni.

Sarara iache. Nyama nyororo haina kolajeni ya kuyeyusha; ukiichemsha saa nane inatoka kavu, yenye nyuzinyuzi, hata kama imezama ndani ya mchuzi. Utakuwa umelipa bei ya juu kwa chakula kibaya.

Kwenye bucha zetu nyingi nyama inauzwa mchanganyiko, kwa hiyo sema mapema: "Naomba shingo na muundi, usinichanganyie." Ukichelewa, shoka limeshashuka. Na hilo shoka lina habari yake. Nyama ikikatwa kwa shoka juu ya gogo, chenga za mfupa zinajificha kwenye nyama. Ukifika nyumbani weka nyama kwenye beseni la maji, kisha pitisha kila kipande kati ya kidole gumba na cha shahada. Chenga utazigusa kabla hujaziona. Kwenye sufuria ya kawaida unakoroga na kuzikuta mapema. Kwenye chungu cha umeme hakuna anayekoroga, zinashuka chini kwenye viazi na kumsubiri mgeni.

Mbona nimefuata muda wa mapishi ya mtandaoni na nyama bado ngumu?

Kwa sababu aliyeandika mapishi hayo huenda anapika nyama ya ng'ombe mchanga aliyenenepeshwa kwa nafaka, na ikakaa kwenye baridi siku kadhaa kabla ya kuuzwa. Zebu wetu wa asili amekula nyasi, ametembea, pengine ana umri mkubwa, amechinjwa alfajiri na saa mbili asubuhi yuko kwenye ndoano. Nyama yake ina ladha kuliko ile nyingine, ila inataka muda. Palipoandikwa saa 7 au 8 za LOW, wewe weka 9 au 10. Ndugu walioko Uingereza au Marekani wafuate muda wa huko huko, la sivyo nyama itasambaratika.

Kuna na suala la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mbeya nayo iko juu kiasi hichohicho. Mpishi wa Tanga na mpishi wa Mbeya wakianza pamoja, wa Tanga atakula kwanza.

Nipe kipimo cha kuanzia.

Kwa watu sita, kwenye chungu cha lita 5 au 6: nyama kilo 1 na robo ikiwa na mfupa kidogo, viazi mviringo vitano vya wastani, karoti tatu, vitunguu maji vitatu vikubwa, nyanya nne zilizoiva hasa, vijiko viwili vya nyanya ya kopo, punje sita za kitunguu saumu na tangawizi ya urefu wa kidole gumba. Bizari ya mchuzi kijiko kimoja cha chakula, bizari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga nusu kijiko, kijiti kifupi cha mdalasini. Chumvi vijiko viwili vya chai, visawazishwe kwa kisu. Kuna pilipili hoho, giligilani na ndimu za kumalizia.

Usiku, paka nyama saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja na chumvi, funika, weka kwenye friji. Asubuhi futa nyama maji na uondoe vipande vya saumu vilivyong'ang'ania juu, maana vitaungua. Kaanga nyama kwa mafuta kidogo, mafungu mawili au matatu, hadi ipate rangi ya kahawia iliyokolea. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka. Itoe. Kwenye mafuta hayohayo tia vitunguu, vipewe dakika zake kumi hadi viwe vya dhahabu. Tia bizari zote, koroga nusu dakika, halafu nyanya mbichi na ya kopo. Sasa subiri. Rojo halijaiva mpaka mafuta yajitenge pembeni na harufu ya ubichi wa nyanya iishe. Mimina kikombe kimoja cha maji ya moto, kwangua vyote vilivyogandia chini ya sufuria. Pale chini ndipo ilipo ladha.

Viazi na karoti vitangulie chini ya chungu, nyama juu yake, rojo limiminwe juu ya vyote. Funika, weka LOW, saa 8 hadi 9. Hoho na giligilani viingie nusu saa ya mwisho. Ndimu ikamuliwe baada ya kuzima.

Kukaanga ni lazima? Naona watu wanatumbukiza kila kitu kibichi na kuondoka.

Wanaweza, na watapata nyama laini. Watakachokosa ni mchuzi kwa maana tunayoijua sisi. Rangi ya kahawia na harufu ya nyama iliyokaangwa hutokea pale uso wa nyama unapopata joto la nyuzi 140 hivi na kupanda. Ndani ya chungu cha umeme kuna maji, na penye maji joto halivuki 100. Hata ukikiacha siku mbili, kitunguu kibichi humo kitakuwa kitunguu kilichochemka, na bizari itabaki na ubichi unaokereketa kooni.

Lakini tusikaze kupita kiasi. Ule usemi kwamba kukaanga kunafunga maji yasitoke kwenye nyama si kweli. Maji yanatoka vilevile. Tunakaanga kwa ajili ya ladha na rangi tu. Ukiwa na haraka, nyama unaweza kuiweka bila kuikaanga na mchuzi ukanyooka, mradi rojo limeungwa vizuri. Kinyume chake hakifai: nyama iliyokaangwa ikiwa na vitunguu vibichi bado ina ladha ya chakula cha hospitali.

Mwenye asubuhi fupi aunge rojo jioni, alilaze kwenye friji, na asubuhi alipashe hadi lichemke kabla ya kulimimina. Ila nyama usiikaange nusu ukailaza. Nyama ikaangwe na kuingia chunguni palepale.

Maji kiasi gani?

Machache kuliko moyo wako unavyokuambia. Kifuniko kinarudisha mvuke wote chini, nyama nayo inatoa maji yake, nyanya hivyohivyo. Kwa kilo moja ya nyama, kikombe kimoja chatosha. Ukifungua asubuhi ukaona nyama haijafunikwa na maji, usishtuke wala usiongeze. Saa nne baadaye itakuwa inaogelea.

Chungu chenyewe kisijae. Nusu hadi robo tatu ndipo kinapofanya kazi vizuri. Kikiwa na chakula kidogo sana, mchuzi unaungua pembeni; kikijaa hadi ukingoni, katikati panachelewa kupata moto.

Mchuzi umeshakuwa mwepesi. Nifanyeje?

Njia ninayoipenda: toa viazi vitatu, viponde kwa uma, virudishe na ukoroge. Mzito, na hakuna atakayejua. Njia ya pili ni kumimina mchuzi peke yake kwenye sufuria pana na kuuchemsha kwa moto mkali kwenye gesi hadi upungue, nyama ikibaki chunguni. Hiyo ndiyo ya kutumia ukitaka rosti. Kufungua kifuniko na kuweka HIGH husaidia pia, ila polepole, na wenye njaa hawataisubiri. Unga wa ngano au wa mahindi laini ukorogewe maji baridi kwanza, uingie dakika ishirini za mwisho. Ukiwahi sana utakata.

Viungo vya pakiti kama Royco Mchuzi Mix vinatia uzito kwa sababu vina wanga ndani. Vina na chumvi, kwa hiyo ukivitumia, punguza chumvi yako nusu tangu mwanzo.

Nyama imeiva, viazi bado vigumu. Inawezekanaje?

Hili linawashangaza wengi, kwa kuwa kwenye sufuria ya kawaida kiazi ndicho kinachowahi. Kinachokishika kiazi ni pektini, gundi yake ya asili, na hiyo haiachii vizuri mpaka joto lifike karibu nyuzi 85. Chungu kinachukua saa kadhaa kufika huko, wakati kolajeni ya nyama imeshaanza kuyeyuka kwenye joto la chini ya hapo. Na uchachu wa nyanya unaikaza pektini zaidi. Dawa yake ni tatu: viazi vikatwe vidogo kuliko nyama, vikae chini na pembeni palipo na moto, na ndimu au ukwaju visiingie mwanzo.

LOW na HIGH zinatofautiana nini?

Kwenye vyungu vingi mwisho wa safari ni uleule, karibu na kuchemka. HIGH inafika mapema, LOW inajivuta. Saa moja ya HIGH ihesabu kuwa kama mbili za LOW. Mimi kwa shingo na muundi naenda na LOW, kwa sababu muda ule wa kupanda taratibu ndio unaoilainisha nyama bila kuikamua. WARM si ya kupikia kabisa. Inashikilia chakula kilichoiva juu ya nyuzi 60 mkisubiriana mezani, basi.

Naweza kufungua nikaonja?

Onja mara moja, karibu na mwisho. Kila ukifungua, joto lililokusanywa linatoka, na utaongeza dakika 20 hadi 30 kulirudisha. Kioo kimewekwa ili utazame. Ukungu ukikuzuia kuona, tikisa kifuniko kidogo bila kukiinua, matone yataanguka.

Umeme ukikatika nikiwa kazini?

Swali hili waandishi wa mapishi wa Ulaya hawaulizwi, kwetu ni la kila wiki.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Bakteria wanazaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60, na chakula kisikae humo zaidi ya saa 2. Ukiwa nyumbani umeme ukakatika, hamishia kila kitu kwenye sufuria, malizia kwa gesi au mkaa, hakuna hasara. Kama chakula kilikuwa kimeshaiva kabisa ndipo umeme ukaondoka, kikiwa kimefunikwa kinavumilia hadi saa 2.

Tatizo ni pale ulipokuwa hupo. Umerudi saa kumi na mbili jioni, chungu kina vuguvugu, hujui ulikatika lini wala kwa muda gani. Hapo mwaga. Najua kilo moja na robo ya nyama ni pesa, na najua mtu atakwambia "chemsha tu upya". Kuchemsha kunaua bakteria, lakini baadhi yao huacha sumu ambazo haziondoki kwa kuchemshwa.

Chungu cha swichi ya kuzungusha kinaendelea chenyewe umeme ukirudi, kana kwamba hakikutokea kitu. Cha vitufe na kioo cha namba, vingi vyake vikizimika havijiwashi tena. Wengi husifu cha vitufe. Kwa nchi ya umeme wa kuja na kuondoka mimi nachagua cha kuzungusha, kwa sababu dakika kumi za giza hazistahili kuua chakula cha jioni. Ila uwe na shahidi. Saa ya maikrowevu nyingi hurudi kwenye sifuri au hupepesa baada ya umeme kukatika. Ukiikuta hivyo, muulize mlinzi au jirani ulikatika saa ngapi. Na kabla hujatoka asubuhi, angalia mita ya LUKU au tokeni zako. Uniti zikiisha saa tano asubuhi, usiilaumu mamlaka.

Hakitamaliza uniti?

Vyungu vingi vinatumia wati 150 hadi 300. Cha wati 200 kikiwaka saa 8 ni uniti 1.6. Jiko la koili la wati 1,500 linakula kiasi hicho kwa muda wa saa moja na kidogo tu. Sufuria ya presha ya umeme inatumia umeme mdogo kuliko chungu na kumaliza ndani ya saa moja, kwa hiyo kama unatafuta kubana matumizi, nunua hiyo. Chungu unakinunua kwa sababu unataka kuondoka nyumbani asubuhi na kukuta chakula jioni. Kichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni ya bei rahisi iliyobeba friji na televisheni, na kisiegemee pazia.

Nyama iliyoganda naweza kuiweka hivyohivyo?

Hapana. Itakaa saa nyingi mno kwenye joto la hatari kabla ya kupata moto. Itoe kwenye friza usiku uliotangulia, iyeyukie kwenye friji.

Niipake papai bichi ilainike haraka?

Kwenye mishikaki ndiyo, humu hapana. Kimeng'enya cha papai kinapenda sana joto la kati ya nyuzi 50 na 70, na nyama kwenye chungu cha umeme inapita humo taratibu. Utafungua ukute uji wa nyama. Chungu chenyewe kinatosha kulainisha, hakihitaji msaidizi.

Nazi niiweke lini?

Tui la pili, lile jepesi, linaweza kuingia tangu mwanzo badala ya kikombe cha maji. Tui la kwanza liingie nusu saa ya mwisho, chungu kikiwa LOW, ukoroge taratibu upande mmoja. Likikaa saa nane litakatika, mafuta yataelea juu na chini patabaki chengachenga. Ladha haiharibiki sana, lakini huwezi kulipeleka mbele ya mgeni wa Pwani.

Na ndizi?

Ndizi mbichi za kupika, Bukoba au matoke, ziingie saa 2 za mwisho kwa HIGH, zikiwa zimemenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta na kulowekwa maji zisiwe nyeusi. Zikitangulia na nyama tangu asubuhi mtapata mtori, ambao nao si haba kama ndio mlioutaka. Nje ya Afrika Mashariki, ndizi za kijani za dukani zisizoiva kabisa zinafanya kazi. Zile ndefu nene wanazouza kukaanga ni ngumu zaidi, ziongezee saa nzima.

Nataka kuchanganya nyama na maharage. Niyatie makavu?

Hapa naomba usome mpaka mwisho. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili, aina ya lektini, inayoharibiwa na kuchemka kwenyewe. Joto la chungu cha umeme kwenye LOW linaweza lisifike kiwango hicho, na maharage yaliyopikwa kwa nyuzi 80 bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Punje nne au tano zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu mzima ndani ya saa chache.

Kwa hiyo: loweka saa 5 au usiku kucha, mwaga maji hayo, tia maji mapya, yachemshe kwa nguvu kwenye sufuria ya kawaida nusu saa. Kuna wanaosema dakika 10 zinatosha. Mimi nakwenda na nusu saa, gesi yake si nyingi. Baada ya hapo yatie chunguni na nyama yako. Kunde na choroko hazina ukali huo. Maharage ya kopo yameshapikwa, yaingie mwishoni.

Wakati wa Ramadhani nikitumieje?

Huu ndio mwezi wake. Kwa futari, anza saa tatu asubuhi kwa LOW, saa kumi na mbili jioni unapakua. Kwa daku, washa baada ya tarawehe, saa tatu na nusu usiku. Ukiamka saa kumi alfajiri ni saa 6 na nusu, kwa hiyo kata nyama vipande vidogo au uanze saa moja ya HIGH kabla ya kulala. Kwa kuwa mchana huwezi kuonja, heshimu kipimo cha chumvi nilichokitaja juu. Kiko chini kidogo makusudi, mezani kila mtu ataongeza yake.

Supu ya asubuhi je?

Mkia au muundi wenye mfupa, tangawizi nyingi, kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi, maji yafunike. Hapa pekee ndipo ninaporuhusu maji mengi na kutokukaanga chochote. Washa LOW saa tatu usiku. Asubuhi engua mafuta ya juu kwa upawa, kamua ndimu, pilipili mbichi pembeni, na chapati zikiwa za moto. Kongoro linataka zaidi, saa 12 na pengine zaidi ya hapo, na lichemshwe kwanza dakika kumi maji ya kwanza yamwagwe.

Pilipili mbuzi niitie nzima?

Saa ya mwisho, nzima, na kikonyo chake. Ikikaa kutwa inapasuka, na watoto hawatakula.

Mama mkwe anasema huku si kupika.

Mpakulie kwanza, mjadala baadaye. Na ukipata nafasi, msimulie kwamba kifaa hiki chanzo chake ni simulizi ya mama. Irving Naxon, mvumbuzi wa Marekani, alimsikia mama yake akieleza jinsi kule Lithuania Wayahudi walivyokuwa wakipeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwokaji mikate kabla ya Sabato kuingia, vikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki. Naxon alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya chungu chake cha umeme mwaka 1940. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakiuza kwa jina la Crock-Pot. Mama mkwe aliyewahi kuacha chungu juu ya makaa yaliyofunikwa majivu atakuelewa haraka sana.

Ndugu yangu ananiletea kimoja kutoka Marekani. Kitafaa?

Mwambie asihangaike. Cha Marekani kimetengenezwa kwa volti 120. Tanzania ni 230 na Kenya 240. Ukikichomeka bila transfoma ya kushusha umeme kitaungua siku hiyohiyo, na transfoma nzuri ya kukaa saa nane ni nzito na ina gharama. Adapta ya plagi peke yake haibadili volti, msidanganyane. Cha Uingereza au Falme za Kiarabu kinaingia ukutani moja kwa moja, plagi ya miguu mitatu ileile.

Kiporo kinakaa muda gani?

Kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kuzima, kikiwa kwenye vyombo vifupi vipana ili kipoe haraka. Usiingize chungu chenyewe na uzito wake wote. Friji siku 3 hadi 4, friza miezi 2 au 3, ila viazi vikigandishwa hutoka na maji maji. Kesho yake mafuta yatakuwa yameganda juu, yaondoe kwa kijiko. Pasha kwenye sufuria hadi uchemke kabisa, kisha ndipo uurudishe chunguni kama unataka ubaki wa moto. Kupasha ndani ya chungu kilichopoa ni kuurudisha mchuzi kwenye saa zilezile za hatari.

Chombo cha ndani kimepata ufa. Kinatengenezeka?

Hakitengenezeki, na gundi isikaribie chakula. Mara nyingi kimepasuka kwa sababu kilitolewa cha moto kikamiminiwa maji baridi, au kilitolewa kwenye friji kikawashwa palepale, au mtu alikiweka juu ya gesi kukaangia. Watengenezaji wengi huuza chombo cha ndani peke yake. Angalia namba ya modeli iliyobandikwa chini ya kitako kabla ya kuagiza. Kitako chenyewe kinafutwa kwa kitambaa kibichi, hakizamishwi kwenye maji.